Ndama Walipita Kwanza

Mume wangu alikuwa mwoka mikate, na ugonjwa ulimshika kooni. Akapigwa mionzi, uvimbe ukanywea, lakini ulimi nao ukafa. Sukari akasema ni mchanga. Nyama akasema ni kitambaa kilicholowa. Mtu aliyekuwa akilamba unga mbichi kidoleni na kukuambia gunia hili limelala penye unyevu, siku moja nikampa maziwa yaliyochacha bila kujua. Akayanywa yote, akanirudishia kikombe, akasema asante. Ndipo nilipojua tumefikwa.

Daktari alitaka kumpasua aondoe kilichobaki, ila alisema mwili ule hauwezi kubeba kisu. Aongeze uzito kwanza. Kila tukienda anapandishwa kwenye mzani, muuguzi anatazama, anaandika, nasi tunajua. Basi kazi yangu ikawa moja tu, kuhakikisha anakula. Niliponda, nikachuja, nikabembeleza. Viungo vya dukani vya kutia kwenye supu vilikuwa na chumvi, na chumvi ilimchoma vidonda vya mdomoni. Kinywa chake kikawa kama mlango wa ofisi saa ya chakula, unabisha hodi mpaka unachoka.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi inayokagua vitu vinavyotiwa kwenye chakula, cha watu na cha mifugo. Hapiki wala haonji, kazi yake ni kusoma. Kiwanda kikitaka kuuza unga wa kutia ladha kinaleta mafaili, na yeye na wenzake wanayachambua mpaka waridhike. Tukimuuliza, kile ulichokuwa ukisoma mwezi ule kimeishia wapi, jibu ni lile lile, bado. Baba yake akambandika jina, Mheshimiwa Bado, na wajukuu wetu wakalidaka.

Mwaka ule alikuwa na mafaili ya asidi amino. Alitueleza mezani kwamba hivyo ni vipande vinavyojenga nyama, maharage, maziwa, hata sisi wenyewe. Ukivitenga, kila kimoja kina ladha yake. Kuna kitamu, kuna kichungu, na kuna kimoja chenye ladha ya mchuzi wa nyama ulioiva sawasawa. Hicho cha mchuzi kililetwa kwanza kwa ajili ya ndama walioachishwa kunyonya, maana ndama hao husumbua kula chakula kikavu. Wakakikagua. Kitamdhuru ndama? Kitamdhuru atakayekula nyama ya huyo ndama? Na anayekichanganya, vumbi likimwingia machoni? Na shamba litakalotiwa samadi? Kikapita. Kwa watu lilikuwa faili jingine, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimebadilisha vijidudu vinavyoutengeneza ule unga, na hakijaonyesha vizuri kwamba unatoka safi.

"Vijidudu gani tena?" baba yake akauliza.

"Kama hamira, baba. Unavilisha kwenye pipa, vinakutengenezea."

"Hamira naijua. Ikilala vibaya inakuletea uchachu ambao hukuuagiza."

"Ndicho hicho tunachowauliza."

Akatikisa kichwa. "Basi ndama wamenipita," akasema, nao wakacheka, baba na binti, huku uji wake ukipoa.

Mimi sikucheka. Nilimfuata binti yangu jikoni nikamwomba kidogo tu, cha kushika kwa vidole viwili. Nilimwambia kama ni kitu kilichomo kwenye nyama na maharage, tumekila tangu tuote meno. Akanijibu taratibu kwamba mwili mzima na mwili uliopigwa mionzi si mmoja, na kwamba yeye hajui. Alisema hivyo, hajui, na mimi nikaona ni ukaidi wa watu wa ofisini. Nikamwambia, sawa, sumu haionjwi, lakini njaa nayo inangoja muhuri? Akaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi, akaaga, akaenda kwake.

Mzani uliofuata ulishuka. Daktari akatuambia waziwazi kwamba uzito usipopanda kabla ya mwezi kwisha, hatampasua tena, atampa dawa za maumivu tu. Nilimpigia binti yangu simu nikamweleza kama nilivyoelezwa. Nilisikia tu mtu akipumua.

Siku ya mapumziko alikuja mchana, akaniambia nikae, leo anapika yeye. Akapika supu ya maharage na viazi, akaichuja ikawa laini, akampakulia baba yake, akakaa kumtazama.

Kijiko cha kwanza alikinywa kama anavyokunywa dawa. Kijiko kikabaki mdomoni. Kisha akakitoa, akachota tena, na tena, bila kubembelezwa.

"Nyama," akasema. Hakusema kwa nguvu. Alisema kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

Nyumba nzima haikuwa na nyama. Nilijua mimi, na alijua yeye, maana kutwa alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni. Nikamtazama binti yangu. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa cha meza.

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Bado," akamwita, "hii imepita?"

"Kula, baba."

"Nimekuuliza."

"Haijapita."

Nikaingilia. Nilimwambia mume wangu ale, vijiko vyote hivyo ameshameza na bado anatutazama, na kama kuna kosa basi niandikiwe mimi. Alimgeukia mwanawe, akamwambia maneno ambayo hadi leo hunijia nikiwa nafua au napiga pasi.

"Kesho unarudi kwenye lile faili. Utalisomaje, na mimi umeshanilisha? Kila ukurasa utakuwa unanitafuta mimi. Kukiwa na ubaya, utaogopa kuuona. Watoto wa watu watakula kwa sababu baba yako alikula."

"Ni kidogo tu, baba."

"Najua. Na ni kitamu, mwanangu. Sijui nikwambieje jinsi kilivyo kitamu."

Akalisukuma bakuli. Alilisukuma polepole, kama kitu anachokitaka.

Kesho yake binti yetu alikwenda kwa mkuu wake akasema alichokifanya, kwamba alichota unga kwenye chupa za sampuli za kiwanda, zilizowekwa maabara ya ofisi, akampikia mgonjwa. Hawakumfukuza. Walimpa onyo, wakamwondoa kwenye kazi ile, wakaikabidhi kwa mwenzake, naye ikambidi aanze upya kutoka ukurasa wa kwanza. Basi jibu likazidi kwenda mbali.

Nilimkasirikia mume wangu. Nilimlisha nikiwa nimenuna, namfuta midomo nikiwa nimenuna. Siku moja nikamtolea, nikamwambia amechagua makaratasi akaniacha mimi.

"Sikuchagua makaratasi," akasema. Sauti ilikuwa imebaki uzi. Akaelekeza kidevu kwenye chumba alimojilaza binti yetu, aliyekuja kunisaidia kumuuguza. "Nimemchagua yule."

Mwezi ukaisha. Daktari alimshika bega, akaandika dawa za maumivu. Alinifia asubuhi moja nikimgeuzia mto upande wa baridi, na sikutambua mara moja, niliendelea kumsemesha.

Kazi ya lile faili iliendelea. Miezi yote hiyo nilikuwa na ombi moja la aibu. Wajane wenzangu huomba marehemu wao wapumzike, mimi niliomba ule unga uwe mbaya. Waukute na uchafu, waukatae, watangaze kwamba haufai kwa binadamu, ili lile bakuli liwe limesukumwa kwa haki.

Jioni moja binti yangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, kitambulisho kikiwa bado shingoni. Hakuvua viatu. Alikaa kiti cha karibu na mlango kama mgeni aliyeleta ujumbe.

"Umepita, mama," akasema. "Walichokiuliza kimejibiwa chote. Unga ni safi. Kwa kiasi kile, hauna neno."

Nikaomba arudie. Akarudia.

"Baba aliniuliza kama imepita," akasema baadaye. "Ningesema ndiyo, angekula. Angemaliza bakuli, na kesho yake angeomba jingine. Neno moja la uongo, mama. Nilikuwa nalo mdomoni."

Methali zilinijia, zile za maji yaliyomwagika na nyinginezo, nikaziacha zilivyokuja. Methali ni za misiba ya wengine. Nilitafuta cha kumpa mwanangu, nikakuta ni kile tu kilichotokea.

"Hukumdanganya baba yako," nikamwambia.

Sikujua kama nampongeza au namlaumu. Yeye naye hakuuliza. Machozi yalimtoka bila sauti, na ile kamba ya kitambulisho ilikuwa imejisokota inamkata shingo, nikainuka nikamvua, nikavuta kiti changu karibu na chake.