Jino la Mtu wa Rondo

"Jino mlilonipa si langu," alisema Bi Mwahija kabla hata hajakaa. "Na mwenyewe analidai."

Likwata alimsogezea kiti. Ndivyo alivyoanza siku zote: kiti kwanza, maji ya mtungini pili, halafu masikio.

"Shikamoo, mama. Pumzika kwanza. Umetoka Milola kwa miguu?"

"Marahaba. Nimekuja na lori la korosho. Maji sitaki, mwanangu. Nataka jino langu."

Ilikuwa mwaka wa 1975, mjini Lindi. Chuo kilifundisha vijana kutibu meno, na kwa kuwa vijana wa chuo hujifunzia midomoni mwa watu, malalamiko hayakukosekana. Likwata hakuwa daktari wala mwalimu. Alikuwa amefagia pale miaka sita, mpaka siku Mkuu wa Chuo, Ndugu Rafaeli, alipomwona akimtuliza kwa Kimwera mzee mmoja aliyekuwa anamkimbiza mwanafunzi kwa bakora. Kesho yake ufagio ukapewa mwingine. Likwata akapewa meza chini ya ngazi, daftari, na kalamu mbili: ya buluu ya kuandikia lalamiko, na nyekundu ya kuandikia neno moja tu, Limekwisha.

"Lalamiko likitoka nje ya ua huu litafika ofisi ya TANU," Mkuu alimwambia. "Lisitoke."

Halikutoka. Miaka miwili halikutoka hata moja, na kwa mtu ambaye hakuwahi kusifiwa kwa lolote, hilo lilikuwa jambo kubwa. Mkewe alikuwa akimwita daktari kwa kumtania, naye moyoni alikuwa akipenda.

Lalamiko lililokuwa gumu kuliko yote ni la watu kudai meno yao. Walitaka wakayazike wenyewe, kama wanavyozika kucha na nywele, lakini chuo kiliyaweka katika chupa za dawa ili wanafunzi wayasome. Likwata akabuni njia yake. Aliingia stoo, akachovya kibano katika chupa iliyokuwa karibu, akatoa jino lolote lililonasa, akalikausha, akalifunga kwenye kipande cha kitambaa cha bafta na kukaza fundo. "Usilifungue," alikuwa akionya kwa uso wa huruma. "Lina dawa kali, litakuunguza." Watu walishukuru, na wengine walirudi wiki ya pili wakimletea mihogo. Sijui kama huo tuuite uongo au upole. Yeye aliuita kazi.

"Nililizika chini ya kizingiti cha nyumba mpya," Bi Mwahija aliendelea. "Ndivyo tulivyolelewa kwetu. Ukihamia, nyumba uipe kitu cha mwili wako ndipo ikujue. Ile yangu ya kule shambani ilibomolewa siku tuliyohamishiwa kijijini, sina pengine pa kuweka kichwa. Sasa kila jua likisimama utosini, pale chini ya kizingiti mtu anaongea. Mwanamume. Majirani wamemsikia. Wanasema nimefuga kitu. Balozi wa nyumba kumi kanipa mpaka Ijumaa niondoke, nyumba apewe mwingine."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Likwata aliandika kwa kalamu ya buluu, huku akipanga maneno matamu ya kumrudisha mama huyu kwao.

"Anasema nini, mama?" aliuliza kwa adabu tu.

"Anasema, 'Siyo hilo, bwana. Nimesema siyo hilo.' Basi. Hapigi kelele. Anasema kama mtu anayeogopa kuudhi."

Kalamu ikasimama. Maneno hayo Likwata aliyajua. Aliyafahamu kwa mwandiko wake mwenyewe.

Alifunua daftari kurudi nyuma, karatasi baada ya karatasi, mpaka mwezi wa tatu. Hapo palikuwa pameandikwa: Laurenti, mkulima, Rondo. Anadai mwanafunzi ameng'oa jino zima, bovu limebaki. Anasema alimwambia, Siyo hilo, bwana. Nimesema siyo hilo. Chini yake, kwa wino mwekundu: Limekwisha.

Alimkumbuka. Mtu mrefu, kofia mkononi, shavu moja limevimba, akiongea taratibu kwa kona ya mdomo. Likwata alimpa kiti, maji, aspirini nne na pole nyingi. Akamwambia maumivu ni ya kidonda tu, yatapoa, akalale. Mtu yule aliona haya kubishana na meza ya serikali. Aliondoka akishukuru, na hakurudi tena.

"Langu lilikuwa jekundu la tambuu," Bi Mwahija alisema, "na pembe moja limevunjika, nililitafunia changarawe kwenye wali. Utalijua ukiliona."

Likwata alimwacha pale kwenye kiti akaenda ofisini kwa Mkuu, akamweleza yote, hata habari ya bafta. Ndugu Rafaeli alisikiliza huku akipanga karatasi zake.

"Jino ni jino, Likwata. Mpe lingine."

"Ndugu Mkuu, mama anafukuzwa nyumbani kwake. Na yule wa Rondo tulimng'oa jino zima. Mimi ndiye niliyemwambia aende akalale."

"Ulimaliza lalamiko. Ndiyo kazi yako. Ukianza kufukua yaliyokwisha, ufagio bado upo nyuma ya mlango."

Likwata alitoka, akapekua chupa zote za stoo, jino jekundu halikuwamo. Katika darasa la pili kulikuwa na kabati la mataya ya plasta, ambayo wanafunzi waliyapachika meno ya watu, wajifunzie na kufanyiwa mtihani. Aliyafungua moja moja. Yalikuwa ishirini na moja, yote yamefunga meno, na katika kila kinywa walikuwamo watu kumi au kumi na watano waliokaa bila kujuana. Kwa miaka yote aliyofagia darasa lile hayakuwahi kumtisha. Safari hii alijikuta akinong'ona, "Samahanini," kila alipofungua jingine.

Jino la Bi Mwahija lilikuwa katika taya la kumi na nane, jekundu, pembe imevunjika, limebanwa baina ya meupe mawili. Halikutoka kwa koleo. Likwata alilipiga taya kwenye ukingo wa dirisha likapasuka. Kisha akakata neno Limekwisha kwa kalamu ya buluu kwenye karatasi ya Laurenti, akaliweka daftari wazi mezani kwa Mkuu pamoja na vipande vya plasta, na kwenda kumchukua mama wa watu.

Walifika Milola kesho yake, jua likikaribia utosi. Nyumba zilipangwa kwa mstari, zote sawa, udongo wake bado haujakauka sawasawa. Majirani walisimama mbali. Hata kuku hawakukanyaga mlangoni kwa Bi Mwahija.

Likwata alipiga magoti akaanza kuchimbua kizingiti kwa kijembe. Kivuli chake kilizidi kufupika mpaka kikaingia chini ya magoti yake. Ndipo aliposikia.

"Siyo hilo, bwana."

Sauti ilitoka chini, karibu, kwa kona ya mdomo. Haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililomtisha. Ilikuwa ya mtu anayengoja zamu yake na kuogopa kwamba itapita.

"Nimesema siyo hilo."

Likwata alijua maneno mia ya kumtuliza mtu. Yote yalimjia mdomoni kwa mazoea: pole, kidonda tu, kitapoa. Akayameza.

"Ni kweli, Bwana Laurenti," alisema. "Halikuwa hilo. Ulisema, na sisi hatukukusikiliza. Mimi niliandika, lakini sikukusikiliza."

Alichimba tena kidogo akalipata fundo la bafta. Alilifungua mbele ya Bi Mwahija. Jino lilikuwa jeupe, zima, kubwa, halina hata doa. Mtu angelitafunia miaka thelathini zaidi. Likwata alilia pale pale, bila kujificha, na Bi Mwahija akamwacha alie. Kisha mama akachukua jino lake jekundu, akalizika kwa mkono wake, akasawazisha udongo, akavuka kizingiti na kuingia ndani. Walingoja mpaka kivuli kilipoanza kurefuka upande wa pili. Chini ya kizingiti hakuna aliyesema tena. Jirani mmoja, Binti Yunusu, akaja na chungu cha maji, akakitua mlangoni.

"Na hilo jingine?" Bi Mwahija aliuliza kutoka ndani.

"Nalipeleka kwa mwenyewe."

Ijumaa alipanda Rondo. Palikuwa na baridi ya miti mirefu, na ukungu uliokawia kuondoka ingawa asubuhi ilikuwa imekwisha. Mtu mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo alimwelekeza nyumba.

"Lakini Laurenti ni marehemu, ndugu yangu. Tangu mwezi wa nne. Uso ulivimba mpaka macho yakazibika. Mkewe Romana yupo, ila usimshtue. Hataki kuamini."

Likwata alikaa kando ya njia kwa muda mrefu, fundo la bafta limo kiganjani. Alikuwa na miguu ya kurudi nayo, na hakuna ambaye angemlaumu. Mjini huenda hata ufagio sasa ulikuwa umepata mtu. Aliinuka, akaifuata njia mpaka kwenye nyumba, akasimama mbele ya mlango uliorudishwa tu bila komeo.

"Hodi," alisema.

Lakini neno lilitoka taratibu, kwa kona ya mdomo, kwa sauti ambayo si yake.

Ndani, mchi ukaacha kutwanga. Zikasikika nyayo za haraka, kisha zikasita nyuma ya mlango.

"Karibu, baba Cecilia," sauti ya mwanamke ilisema, ikitetemeka kwa furaha. "Mbona umekawia hivyo? Wamekutoa lile lenyewe?"

Likwata alikunjua kiganja chenye fundo la bafta. Mlango ukaanza kufunguka.