Misumari ya Bondeni

Nilikuwa mtunza stoo wa idara ya maji kwa miaka ishirini na saba. Katika miaka hiyo niligawa misumari ya kutosha kuishikiza Kasulu nzima isipeperuke, ila kupiga, sikupiga hata mmoja. Hilo nalisema leo. Zamani, penye watu watatu na kiti kimoja ungenikuta nasimulia paa la ghala la Uvinza: nilivyoliezeka peke yangu, upepo ulivyoling'oa nami nikiwa nimekaa juu yake, tukavuka mto Malagarasi, nikaliongoza kwa visigino mpaka likatua juu ya ghala jingine, bati hata moja lisipinde. Watu walicheka, wakaniongezea kinywaji. Hakuna aliyeamini, wala sikudai kuaminiwa.

Shida ni kwamba Nkunzimana aliamini.

Alikuwa fundi wa paa, mtoto wa kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila, aliyeoa kwetu akabaki. Niliwaita mafundi wanne kuja kuona nyumba yangu. Watatu walisimama uani wakanitajia siku za kazi. Yeye aliinama akanusa mbao, akasema mikaratusi hii bado mibichi, tukiipandisha leo itajipinda na kenchi zitakaa kama mgongo wa ng'ombe. Tungoje wiki tatu. Kisha akaminya bati nililouziwa kuwa ni geji ishirini na nane, akalibeba mwenyewe kulirudisha dukani, akarudi na lililo nene kweli. Nikampa kazi.

Kwake haikuwa kazi tu. Kigango cha Makere kilikuwa kinajenga kanisa jipya, na Stanislaus, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikuwa amemwambia wazi: mvua za kwanza zikinyesha tutakuja kukagua paa la Bazilio, yaani langu. Likiwa halivuji, kanisa ni lako. Na kwetu mtu aliyeezeka kanisa hatafuti kazi tena, kazi ndiyo inamtafuta yeye.

Siku ya kuanza, Pelagia mke wangu akatoa mtungi wa pombe ya ndizi, kama ilivyo desturi. Mwenye nyumba na fundi wanakunywa kwa mirija miwili, mtungi mmoja, majirani wakishuhudia. Mkishanyonya hapo, fundi hamwaibishi mwenye nyumba mbele za watu, na mwenye nyumba hamnyanyasi fundi. Nkunzimana akainua mdomo kutoka kwenye mrija, akaniita data, yaani baba kwa Kirundi chao, akaniuliza kwa adabu tu, kama mtu anayemuuliza padre kama leo ni Jumapili: "Data, misumari tunapiga mgongoni mwa bati, si ndiyo?"

Majirani wakanigeukia, mimi mtu wa Uvinza. Nikasema bondeni. Nikaeleza kwamba mgongoni bati lina uwazi chini yake, upepo unapata pa kushika, ndiyo maana lile la Uvinza liliruka. Bondeni msumari unauma mbao moja kwa moja. Nilieleza vizuri hata mimi nikaona kuna maana. Akauliza tena, taratibu, kama mvua ya Uvinza ni sawa na yetu ya huku milimani. Nikasema mvua ni mvua.

Mara ya tatu aliniuliza asubuhi yake, tukiwa wawili tu, nyundo mkononi.

"Data, maji yanapita bondeni."

Ningeweza kucheka hapo, nikamwambia yaishe. Hakuna ambaye angejua. Badala yake nikamwambia: "Wewe umeezeka maturubai Mtabila. Mimi nimeezeka ghala."

Akatia misumari mdomoni, akapanda ngazi.

Mvua ya kwanza ilikuja mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi. Kila msumari ulikuwa bomba. Pelagia alipanga sufuria, yakaja mabeseni, akamalizia na vikombe vya wageni. Nkunzimana alifika akiwa amelowa, akasimama sebuleni akitazama juu, halafu akasema dawa ipo. Tung'oe mabati tuyageuze chali. Bonde litakuwa mgongo, matundu yatakaa juu, maji hayatayafikia. Siku mbili zinatosha. Ila niwaombe wazee wa kamati ya Makere wasije Jumamosi, waje wiki inayofuata.

Nikawaza barabara ya Kibondo inavyopita mbele ya nyumba yangu. Kila mwenye baiskeli angeona mabati ya mtu wa Uvinza yakigeuzwa kama chapati. Nikamwambia apake lami, itatosha.

Haikutosha. Jumamosi kamati ilisimama sebuleni kwangu, matone yakiwadondokea mabegani. Stanislaus akauliza: "Nkunzimana, nani alikuambia upige misumari bondeni?"

Majirani wa siku ya mtungi walikuwepo, kila mmoja akatazama viatu vyake. Mimi nilingoja anitaje. Jibu nilikuwa nalo tayari, refu na tamu. Hakunitaja.

"Ni kosa langu," akasema.

Nami, Mungu ananiona, nikaongeza: "Mafundi wa siku hizi huwezi kuwaachia kazi peke yao."

Pelagia alimwaga beseni nje, hakurudi ndani mpaka wageni walipoondoka. Aliporudi alisema neno moja tu. "Bazilio, zamani uongo wako ulikuwa unatuchekesha."

Jumatatu nikapanda pikipiki hadi Makere. Niliwakuta wazee wale wale, nikawaambia yote: stoo, misumari, Uvinza ambako sijawahi kupanda hata ngazi, fundi aliyeniuliza mara tatu. Walisikiliza vizuri mpaka nilipofika Uvinza. Hapo mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote. Stanislaus alifuta machozi.

"Mzee huyu! Alivuka Malagarasi na paa, leo anataka kuvuka na dhambi ya mwenzake."

Nikaapa. Wakacheka zaidi. Wakanisifu kwa moyo wangu mwema wa kumtetea fundi asiye na ndugu hapa, wakaniletea soda, wakaniambia kanisa wameshampa fundi mwingine, Lukmani wa mjini.

Nkunzimana alikuja wiki hiyo hiyo bila kuitwa, akageuza mabati, bati moja baada ya jingine, siku mbili. Alisema hawezi kuacha paa alilopiga yeye likivuja. Akimaliza anakwenda Kibondo na Irakoze mkewe, kufyatua matofali kwa shemeji yake. Nilimshikia ngazi. Nikamwambia Jumapili nitarudi Makere, nitasimama baada ya misa, niseme mbele ya waumini wote.

Alishuka kwanza, akapangusa mikono.

"Usiende, data. Kila ukinitetea, wanazidi kuwa na uhakika kwamba nilikosea."

Akafunga ngazi yake kwenye baiskeli, akaisukuma hadi barabarani. Jumapili sikwenda.