Notisi ya Siku Saba

Ofisini walimwita Mama Muhuri, kwa sababu karatasi isiyo na muhuri haikupita mezani kwake hata ikiletwa na mkurugenzi. Alifanya kazi halmashauri ya mji miaka ishirini na sita, akianzia masjala na kuishia ofisa utawala. Chuo kilipotangaza kwamba kinatafuta mwalimu wa utawala wa umma, aliomba kimyakimya. Mumewe, fundi saa, alikuja kujua siku barua ya kukubaliwa ilipofika.

"Wewe umezoea watu wakusubiri mlangoni," alimwambia. "Hao wanafunzi watakusinzilia."

"Na wasinzie. Nitawaamsha."

Walisinzia kweli. Wiki mbili za mwanzo alisoma madokezo yake neno kwa neno, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea ajenda za vikao. Wiki ya tatu mada ilikuwa ushirikishwaji wa wananchi. Alikuwa anaeleza habari ya mikutano ya hadhara pale mwanamke mmoja wa safu ya nyuma aliponyoosha mkono. Alikuwa msusi, mtu mzima kuliko wenzake, na alikuja darasani vidole vikinuka mafuta ya nywele.

"Mwalimu, tulipohamishwa soko la zamani tulipewa notisi ya siku saba. Iliandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Mimi nilikuwa na kibanda pale miaka tisa. Nilishirikishwa lini?"

Waliosinzia wakainua vichwa. Mama Muhuri aliikumbuka notisi ile vizuri, maana aliyeisaini ni yeye.

"Kulikuwa na mkutano," alisema.

"Alikuja nani?"

Ofisini angejibu kwamba suala linafanyiwa kazi, na mtu angeondoka. Hapa kulikuwa na watu arobaini wanamtazama, na kipindi kilikuwa kimebakiza nusu saa.

"Sijui," alisema. "Nipe wiki moja."

Kesho yake alikwenda halmashauri. Karani wa masjala, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, aliinuka kumwamkia.

"Shikamoo, mama. Umetukumbuka?"

"Marahaba. Nataka nakala ya muhtasari wa mkutano wa soko."

Karani akajikuna sikio. "Ungekuwa bado wa humu ndani, ningekuletea sasa hivi. Lakini sasa wewe ni mwananchi, mama. Andika barua, usubiri siku tatu za kazi. Utaratibu uliuweka wewe."

Akaandika barua palepale kwenye benchi la wageni, ambalo hakuwahi kulikalia. Lilikuwa linacheza. Siku ya tatu akapewa nakala, akaanza kuisoma kabla hajatoka getini.

Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, saa ambayo hakuna mwenye kibanda anayeweza kuacha wateja. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ndani ya ofisi. Walihudhuria watu kumi na mmoja, na saba kati yao walikuwa watumishi wa halmashauri. Aliyajua majina yote saba.

Wiki iliyofuata aligawa nakala darasani, madokezo akayaacha kwenye mkoba.

"Saini ni yangu," alisema. "Niliona muhuri upo, nikasaini. Ukurasa wa mahudhurio sikuufungua."

"Kwa hiyo ulitukosea," msusi alisema.

"Niliwakosea. Nisamehe."

Msusi aliikunja karatasi. "Kibanda changu hakirudi, mwalimu."

"Hakirudi. Ila nataka uwaambie wenzako, ungekuwa wewe ofisini, ungeuitishaje mkutano ule?"

"Jioni, tukishafunga. Na tangazo ningelibandika chooni."

Darasa likacheka. Msusi hakucheka. "Kwa siku nzima, ni nani sokoni asiyepita chooni?"

Siku hiyo walibishana mpaka darasa lingine likagonga mlango.

Habari zilimfikia mkurugenzi, akapiga simu. "Mama Muhuri, unatuanika?"

"Nimejianika mwenyewe, mzee. Jina la mtu mwingine sikulitaja."

"Ungekuwa bado hapa usingesema."

"Kweli. Nisingesema."

Simu ikakatwa. Kwa miezi kadhaa hakuna mtu wa halmashauri aliyemsalimia njiani isipokuwa karani wa masjala. Jambo hilo lilimuuma, maana wengine alikuwa amesimamia harusi zao. Mumewe alimshauri awape muda, naye akawapa.

Yeye na msusi hawakuwa marafiki. Msusi aliendelea kukaa nyuma na kuuliza maswali magumu, akafaulu mtihani vizuri. Mwaka uliofuata, kabla ya kufika mada ileile na wanafunzi wapya, Mama Muhuri alimfuata saluni, akamkuta anasuka. Akamwomba ruhusa ya kulisimulia darasani swali lake.

"Simulia," msusi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja. "Lakini jina langu ulitaje. Safari hii niwemo kwenye mahudhurio."