Sifuri ya Bi Waridi

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Je, mkazi alifanyiwa upasuaji mkubwa katika siku mia moja kabla ya kuingia hapa? Sifuri ni hapana, moja ni ndiyo, nane ni haijulikani. Nilikuwa nimemaliza tathmini yote ya Bi Waridi, aliyeletwa jana kwenye nyumba yetu ya kutunzia wazee, isipokuwa kisanduku hicho kimoja, na Metroni Roseline alikuwa amerudi mlangoni kuniuliza.

"Celine, bado tu?"

"Imebaki hii ya upasuaji, Metroni."

"Binti yake si alikwambia jana?"

"Alisema hakuna. Eti ni maumivu ya viungo tu, ya uzee."

"Kuna barua ya hospitali?"

"Hakuna."

"Basi andika sifuri, mama. Pasipo na barua tunaandika sifuri, hivyo ndivyo tunavyofanya hapa. Ukiweka nane, makao makuu watairudisha wakiuliza kwa nini tumepokea mtu tusiyemjua. Na Gordon anamtaka baada ya chakula."

Hapo ndipo hofu yangu ilipokuwa. Gordon, fizio wetu wa mazoezi ya viungo, hasomi hadithi ndefu. Hufungua kompyuta, akaangalia namba, akaanza kazi. Akikuta sifuri, humlaza mgeni kitandani na kumkunja magoti mpaka kifuani, huku akimchekesha. Wazee wa nyumba hii ya mtaa wa Tena wanampenda kwa sababu hiyo. Lakini mtu aliyewekewa nyonga mpya majuzi, ukimkunja namna ile, nyonga inaweza kuchomoka.

Na mimi nilikuwa nimemwona Bi Waridi akiketi.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa chai. Alifika kwenye kiti, akageuka, akapapasa mkono wa kiti nyuma yake, kisha akautanguliza mguu wa kushoto mbele, ukiwa umenyooka, kabla hajajishusha. Hakuna anayezaliwa akiketi hivyo. Maumivu ya uzee hayamfundishi mtu kuketi hivyo. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi wodini tuliwafundisha wagonjwa wa nyonga jambo hilo hilo, kila siku, mpaka wakachoka nasi. Tena usiku aliomba mto wa pili, na asubuhi nikaukuta katikati ya magoti yake, kama tulivyowalaza wagonjwa wale.

Nilimwomba anionyeshe paja.

"Mwanangu," aliniambia, akikaza leso kiunoni, "mie nimeoga Ziwani kwangu kabla ya kuja. Binti yangu kaniogesha. Wewe wataka kutazama nini?"

"Kama kuna kidonda, bibi."

"Kidonda ninacho moyoni, kwa kuletwa huku. Kitazame hicho."

Sikumlazimisha. Mwili ni wake. Lakini aliponipa kisogo nilimwona akitabasamu kidogo, kama mtu aliyeshinda karata.

"Metroni," nikasema sasa, "naomba nimpigie binti yake kwanza."

"Ukimpigia atakuambia yale yale." Akatazama saa. "Haya, piga. Lakini Gordon akifika, nataka namba."

Gordon alikuwa ameshafika. Alichungulia juu ya bega la Metroni, begi la mazoezi mgongoni. "Niaje, sista? Huyo mgeni wangu wa Ziwani yuko fiti? Nimesikia ana mdomo. Nawapenda wenye mdomo."

"Ngoja kwanza, Gordon. Tafadhali."

"Mimi nangoja chapati tu," akasema, akaenda zake jikoni.

Ruqaiya, binti wa Bi Waridi, ana duka la vitambaa. Alipopokea simu nilisikia mkasi ukikata.

"Dada, nilishakwambia jana. Hakuna operesheni."

"Nimesikia, dada. Lakini mama anaketi kama mtu aliyefundishwa hospitalini."

"Mama yangu anaketi vile apendavyo."

"Leo atafanyishwa mazoezi ya kukunjwa. Kama kuna chuma ndani..."

"Mbona unanihoji kama askari? Tumeleta mzee, mmempokea. Mnataka kumrudisha?"

"Sitaki kumrudisha. Nataka asiumie."

Mkasi ulinyamaza. Kupitia dirishani, kutoka upande wa mtaa wa Umoja, spika ya msikiti ilikohoa, kisha adhana ikaanza. Nadhani aliisikia kwenye simu, kwa sababu sauti yake ilibadilika mara moja.

"Hiyo ni adhuhuri? Mama yuko wapi?"

"Chumbani kwake."

"Mmempa kiti?"

"Kiti cha nini?"

"Cha kuswalia! Kule hospitali walimwambia asiiname, asisujudu, aswali kwenye kiti. Nyumbani nilikuwa nasimama naye kila swala. Dada, hapo hakuna anayejua, ataenda chini! Mkimbilie!"

Niliiacha simu mezani ikiongea.

Ukumbi wa nyumba hii si mrefu, lakini ulikuwa umejaa wazee wakielekea chakulani, na fremu zao za kutembelea. "Samahani, babu. Samahani, mama." Nilipofungua mlango, adhana ilikuwa imekwisha na Bi Waridi alikuwa amesimama juu ya mswala, fremu yake ameisukumia mbali ukutani. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Mikono ikashuka kutoka kifuani kuelekea magotini. Mgongo ukaanza kuinama.

Siku yangu ya kwanza kazini Hikma, mpishi wetu, alinionya: usipite mbele ya mtu anayeswali. Nikapita mbele yake. Nilipiga magoti kwenye mswala na kumshika mabega yote mawili, nikamzuia hapo hapo alipofika, kisha nikainuka naye polepole.

"Ewe!" alifoka. "Wapita mbele yangu? Umenivunjia swala!"

"Nisamehe, bibi. Ni nyonga. Ruqaiya ameniambia."

Mabega yake yalilegea mikononi mwangu, nikahisi jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Kashindwa kufunga mdomo," alisema. "Nyumba ya kwanza tulikwenda, akasema kweli, wakasema hawachukui aliyepasuliwa juzi. Akalia njia nzima. Hapa akasema hakuna. Mie nikanyamaza. Nikajiambia, vizuri, hapa hakuna wa kunikalisha kitini. Alfajiri niliswali kitandani kwa uchovu, adhuhuri nikasema nitashuka."

"Upasuaji ulikuwa lini?"

"Mwezi juzi. Nilianguka bafuni." Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Tangu ni mtoto, paji hili hugusa chini. Sasa wataka nimwendee Mola wangu nimekaa, kama angojaye kinyozi?"

Mimi ni wa kanisa. Sikuona haki ya kumfundisha swala yake. Nilimshikilia tu, asishuke, mpaka Metroni akatokea mlangoni akihema, simu yangu mkononi. Ruqaiya bado alikuwa analia ndani yake.

"Nimesikia yote," Metroni alisema. Aliutazama mswala, akaitazama fremu ukutani, na uso wake ukakunjamana. "Na mimi nilikuwa nakwambia sifuri." Akaiweka simu sikioni. "Ruqaiya, nyamaza, mama. Hakuna anayemrudisha mtu. Lete barua ya hospitali leo, na jina la daktari. Ndiyo. Leo."

Kisha akaenda ofisini, akarudi akiburuta kiti chake mwenyewe, kirefu, chenye mikono pande zote mbili. "Kielekee wapi?"

Bi Waridi alinyoosha kidole bila kumtazama.

Gordon alikuja na kipande cha chapati shavuni. Nilimwambia kuhusu nyonga, na kwamba naenda kuandika moja. Alimeza kabla ya kusema, na mara hii hakutania. "Ningemkunja, sista. Ningemkunja kabisa."

Tulimketisha. Aliutanguliza mguu wa kushoto bila kuambiwa. Nilipogeuka kutoka, akaniita.

"Hiyo namba utakayoniandikia. Ndiyo ya kunifunga kitini milele?"

"Hapana, bibi. Inawaambia watu wakushike kwa uangalifu sasa. Kushuka chini, daktari ndiye atakayesema. Nitamwuliza."

"Lini?"

"Barua ikifika."

"Muulize leo. Na usinipitie tena mbele."

Nilirudi kwenye kompyuta nikaandika moja. Mlango wake niliuacha wazi kidogo, na kutoka pale nilipoketi nilimwona akianza upya. Alipofika mahali pa kusujudu, mkono wake mmoja uliuacha mkono wa kiti, ukanyooka kuelekea sakafu, ukabaki hewani. Sikungoja barua: nikavuta simu ya mezani, nikampigia Ruqaiya anipe jina la daktari aliyempasua.