Usisukume Bado

Mama yangu alikuwa mkunga hadi alipostaafu, na nusu ya mtaa wetu imepita mikononi mwake. Hata mimi nilipojifungua, ni yeye aliyenishika kiuno akinikemea: "Vuta kwa pua! Shusha kwa mdomo, polepole, kama unapoza chai. Usisukume bado!" Sasa mtu kama huyo anashindwaje kupumua?

Alishindwa. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho, hata mjukuu wake anamjua kwa kumpapasa tu. "Wote nimewazalisha," alikuwa akisema, "huyu wa jicho amenigomea kutoka." Upasuaji ulishaahirishwa mara mbili kwa sababu ya presha. Dawa anameza bila kukosa, nyumbani presha imetulia, lakini akisikia tu harufu ya hospitali, inapanda. Leo ikigoma tena, anarudishwa mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ni ya mwaka mzima.

"Bibi, tulia, pumua taratibu," nesi alimwambia akimfunga kipimo mkononi.

"Nimewaambia watu hivyo kabla mama yako hajazaliwa." Akavuta pumzi kwa hasira, akaibana kifuani. Presha ikapanda. Nesi akasema atarudi kupima mara ya mwisho.

Mama akaiachia ile pumzi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nitakufa sijamwona huyo mtoto wako."

Mimi mdomo wangu hauna breki, na nilitaka kumgombeza: acha ukaidi! Nikajing'ata ulimi, maana kelele zangu zingempandisha zaidi. Badala yake nikaanza kuhema. "Mama, moyo unanienda mbio. Nishike."

Nilikuwa najifanya, Mungu anisamehe.

Mkono wake ukanitafuta hewani, ukatua mgongoni. "Wewe naye! Legeza mabega. Legeza na taya. Vuta kwa pua." Akavuta na yeye. "Shusha polepole, mwanangu. Polepole zaidi. Nipo hapa." Akashusha na yeye. Sauti ilikuwa ile ile ya chumba cha uzazi. Tukaendelea hivyo mpaka maneno yakaisha, tukawa tunapumua tu, na katikati ya kuigiza nikajikuta nalia kweli. Sikumbuki mara ya mwisho kushikwa hivyo.

Nesi aliporudi nilimkonyeza asiseme neno. Akamfunga kipimo kwenye mkono wa pili. Mama hata hakugeuka. Alikuwa na mgonjwa.

"Imeshuka," nesi akasema. "Twende, bibi."

"Ngoja kwanza, huyu hajatulia."

"Nimetulia, Mama. Nenda."

Akanipapasa uso, vidole vikalowa. "Ulianza kwa uongo," akasema. "Nimezalisha wanawake wangapi, nisijue anayejifanya?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniacha nikushike?"

Wakamwongoza ndani, mlango ukajifunga. Nikaona siwezi kungoja, nikauegemea kwa mkono nichungulie kidogo tu, bawaba zikalia.

"We!" sauti yake ikanijia kutoka ndani. "Usisukume bado!"