Mbuzi wa Georgette Apimwa Umeme

Umaru, fundi wa umeme wa Mbarara, alikuja kambi ya wakimbizi ya Nakivale na kipimo kipya cha umeme, cha kuonyesha namba, na mkebe wa rangi nyekundu. Kamati ya soko ilimtuma kukagua jenereta zote, na yoyote atakayoipiga msalaba haiwashwi tena. Jumamosi moja ya mwaka 2009 akafika saluni ya Georgette, mjane wa Uvira, Kongo, mwenye ulimi usiojua likizo.

Kitini alikuwa Yvette, bibi harusi. Nywele zake zilikuwa zimenyooshwa upande mmoja tu, upande wa pili bado umeloa, na kanisani walimtaka saa nane mchana.

Umaru alichomeka chuma ardhini, akagusisha ncha moja ya kipimo hapo na nyingine kwenye waya wa jenereta. Namba ikaruka: volti mia moja na kumi na nane. Akafungua mkebe.

"Mama, stima yako inavuja kwa udongo. Itaua watu."

Yvette akaangua kilio. Georgette alichukia kweli kweli, maana marehemu mumewe Anatole alikuwa fundi wa umeme, na kwa miaka kumi na moja alimsimulia habari za nyaya zaidi kuliko za mapenzi. Lakini hasira aliiweka kando, acheze kwanza.

"Papa, pima na hii mbuzi yangu," akasema, akimwonyesha mbuzi aliyefungwa mlangoni.

Ncha moja kwenye jenereta, nyingine kwenye sikio la mbuzi: arobaini na mbili. Mbuzi aliendelea kutafuna ganda la ndizi.

"Naye iko navuja? Tumupake rangi?"

Saluni nzima ikacheka, hata Yvette na kamasi zake.

Georgette akatoa balbu ya Anatole, yenye nyaya mbili. Akamwagia maji pale penye chuma, akafunga waya mmoja hapo, wa pili akaugusisha kwenye waya wa jenereta. Balbu haikuwaka. Akajaribu waya mwingine wa jenereta. Haikuwaka. Akaiunga kati ya nyaya zote mbili za jenereta, ikawaka hadi watu wakafumba macho.

"Hizi nyaya zinajuana zenyewe tu, udongo haziujue. Kipimo chako kinanusa harufu ya chakula tu, balbu ndiyo inakula umeme wenyewe. Siku waya moja itashika udongo kweli, ile ingine itawasha balbu, na miye mwenyewe nitakuletea burashi."

Umaru akafunika mkebe. Jenereta ilizidi kunguruma, nywele za Yvette zikaendelea kukaushwa, fundi bado amesimama mlangoni akikuna kisogo.

"Mama, naomba kuazima hiyo balbu. Kwangu Kakiika, kule Mbarara, nilipiga jenereta yetu msalaba. Jamidah, mke wangu, anapiga pasi ya makaa tangu Idi."

"Idi gani?"

"Ya mwaka jana."

Georgette akampa balbu, ila mkebe akaung'ang'ania.

"Rangi inabaki hapa. Jamidah akiiona leo, atakupaka weye msalaba."