Mhojiwa wa Kumi na Mbili

Ilinca alijua kabisa kwamba mtafiti hamhoji ndugu yake. Lakini alihitaji wanawake kumi na wawili waliotoka kwao Moldova kwenda kulea wazee Italia. Kumi na mmoja walishamjibu, wa mwisho akaingia mitini, na shahada ya uzamili haina huruma. Basi Alhamisi mchana, walezi wanapopewa nafasi ya kupumzika bustanini, akampigia mama yake kutoka bwenini Frankfurt, ukingoni mwa mto Oder. Tuseme ukweli, si shahada tu iliyomsukuma. Swali lililomkaa rohoni tangu ana miaka tisa, mama alipoondoka, sasa lilikuwa kwenye karatasi, namba kumi na nne, katika lugha ya kitaalamu.

Akamsomea masharti: jina halitaandikwa, majibu hayatamfikia mtu wa nyumbani. Mama yake, Parascovia, alisikiliza mpaka mwisho bila kutania, jambo ambalo si kawaida yake.

Alijibu yote. Miaka kumi na tano Padova. Bibi anayemlea sasa ni wa tatu, wawili ameshawazika. Kijijini amejenga nyumba yenye bafu la vigae, haijalaliwa na mtu. Kila mwaka, wiki moja baada ya Pasaka, waliotawanyika wote hurudi kula pamoja na wafu wao makaburini. Yeye hutuma mishumaa na taulo za kuwakumbuka marehemu, na Ilinca ndiye huviweka juu ya kaburi la bibi, huku majirani wakimuuliza mama yuko wapi.

"Swali la kumi na nne," Ilinca alisema. "Una mpango wa kurudi kuishi nyumbani?"

Darasani wamefundishwa kwamba hapa mtu anyamaze. Akanyamaza.

"Andika hapana," mama alisema. "Kule nimeshakuwa mgeni. Hapa najua hata mwoka mikate anafunga saa ngapi. Ila umeahidi, dada mtafiti. Binti yangu asijue. Bado ananingoja."

Ilinca akaandika hapana. Akamshukuru kwa muda wake, kama karatasi ilivyoelekeza, akakata simu na kukaa akiitazama.

Haikupita dakika, ikaita.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Pasaka hii nakuja. Safari hii kweli."

Machozi yalimlenga Ilinca, akayazuia. Alikuwa ameahidi.

"Njoo, mama," alisema. "Nitakuanikia godoro."